Miche Iliyokunywa Bila Mimi

Nimeona watu wakishitakiwa kwa mengi: kuiba ndizi, kusogeza mpaka, kumtukana mkwe. Lakini mtu kushitakiwa kwa sababu miche yake haikufa, hilo nililiona kwangu mwenyewe, kwenye uwanja wa nyumba yangu hapa Nyabiyonza, nikiwa nimeshuka tu kwenye bodaboda na vumbi la barabara bado limejaa masikioni. Hadi leo nikilikumbuka damu inanichemka. Nitalisimulia kama lilivyokuwa, na atakayesema nina hasira, wala hajakosea.

Mimi ni mjane. Mume wangu aliniachia mabinti wawili na kibanja. Asiyetoka kwetu aelewe kwamba kibanja si shamba la kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ni nyumba iliyozungukwa na migomba, kahawa katikati ya migomba, maharage chini ya kahawa, na makaburi ya wenyewe upande wa nyuma. Mume wangu amelala hapo, na baba yake pia. Nilipoolewa, nusu nzima ya chini ilikuwa majani makavu yasiyoliwa hata na mbuzi. Tulibeba samadi kwa vikapu, tukabeba nyasi za kutandaza kutoka rweya, mbuga ya nyasi kule juu, mwaka baada ya mwaka, hadi udongo ukawa mweusi. Mgongo wangu uliishia humo.

Mabinti wawili, na hakuna mtoto wa kiume. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walikaa, na mkubwa wao, baba mdogo wa marehemu mume wangu, akaniita mbele ya watu.

"Mama, kaa," akasema. "Lima. Alimradi shamba linauona mkono wako, hakuna atakayekugusa. Siku ukiliacha, linarudi kwa ukoo."

Nilipiga magoti nikashukuru. Jamani! Nilipiga magoti kushukuru kwa kuruhusiwa kukaa kwenye udongo nilioutengeneza mwenyewe. Nikimkumbuka yule mwanamke aliyepiga magoti siku ile natamani nimshike bega nimwambie, wewe, inuka.

Mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, alikuwepo. Kibanja chake kinapakana na changu. Huyu alikula kwangu tangu hajaota ndevu, na alipooa, mimi ndiye niliyesimamia vyungu. Siku ile alikuwa anatazama migomba yangu tu, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

Nikakaa, nikalima. Kisha nikaanzisha kitalu cha kahawa nyuma ya jiko, kwa sababu kahawa za wengi huku zilikuwa zimezeeka na watu walikuwa wanatafuta miche mizuri. Miche mia sita kwa msimu, kila mmoja kwenye kiriba chake cha nailoni, chini ya kivuli cha majani ya migomba. Walikuja watu wa Igurwa, walikuja hata wa Mabira kwa bodaboda, wanarudi na miche imepangwa kwenye kreti la soda. Niliheshimika. Watu walianza kuniita fundi, na sikuwakataza.

Tatizo lilikuwa maji. Mche wa kahawa kwenye kiriba haujui kusubiri. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti, unataka maji kila siku, na chemchemi yetu iko chini bondeni. Kushuka ni rahisi. Kupanda na ndoo kichwani, mara nane, mara kumi, hiyo ni habari nyingine. Mwaka wa tatu mgongo ukagoma. Daktari alinitazama, akatazama picha yake, akasema, "Mama, ndoo basi." Nikamwuliza, na miche je? Akacheka. Yeye alidhani namtania.

Binti yangu mkubwa anafanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Arusha. Nikamweleza kwenye simu. Baada ya wiki tatu nikapigiwa nikachukue mzigo wangu stendi ya Omurushaka. Furushi limeviringishwa na kufungwa kamba, zito kiasi, linanuka kama duka la viatu. Nikalifungua nyumbani: kitambaa kinene cha nyuzinyuzi zilizoshindiliwa, rangi ya kijivu, hakikufumwa wala hakikushonwa. Nikampigia.

"Mwanangu, umenitumia mablanketi ya wafungwa?"

Alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza. Huko kwao wanalaza mimea juu ya vitambaa hivyo. Kitambaa kinanyonya maji kutoka kwenye chombo, kinabaki kimelowa muda wote, na kila chungu kinakunywa kwa chini kupitia matundu yake, kadiri kinavyotaka. Ukitia mbolea ya maji kwenye chombo, mimea inakula na kunywa palepale. Sikuamini. Maji nayajua mimi: maji yanashuka, hayapandi.

Lakini mtoto kanunua, katuma, utafanyaje? Tukatengeneza, mimi na jirani yangu, mwanamke wa kanisani kwetu ambaye ni kama dada kwangu. Tulijenga kichanja cha miti kinachofika kiunoni, tukakisawazisha kwa kuweka beseni la maji juu na kutazama maji yanalalia upande gani. Tukatandika nailoni, juu yake tukatandika blanketi, maana jina hilo lilishaganda. Pembeni, chini kidogo ya usawa wa kichanja, tukaweka pipa la bluu lililopasuliwa katikati kwa urefu, likawa kama hori la ng'ombe, na upindo wa blanketi tukauzamisha humo. Viriba tukavisimamisha juu na kuvigandamiza kimoja kimoja, kiasi kwamba matundu ya chini yaguse nyuzi. Mara ya kwanza unamwagilia kwa juu, ili udongo na kitambaa vikutane. Baada ya hapo unaondoka.

"Umeilaza miche kwenye blanketi," jirani akaniambia. "Shuka utaifunika lini? Na neti ya mbu je?"

Kesho yake asubuhi nilienda nikiwa nimekwisha kujiandaa kucheka. Nikaingiza kidole kwenye kiriba cha katikati kabisa, kilicho mbali na pipa. Juu udongo mkavu unaovunjika. Nikazamisha kidole mpaka kwenye kifundo: maji. Nikajaribu kingine, na kingine. Yalikuwa yamepanda, yametembea usiku kucha bila mguu wa mtu. Nilikaa pale chini nikalia, sitaficha. Mgongo wangu ulilia.

Tukajifunza vituko vyake. Jua likipiga blanketi linaota utelezi wa kijani, na utelezi ukizidi maji hayapiti, hivyo lazima ulifue kila baada ya majuma kadhaa, ulisugue na kulianika. Samadi nililoweka kwenye gunia siku kumi, nikachuja kwa kitambaa cha kanga mara mbili, ikawa kama chai ya rangi, nikaitia kwenye pipa kidogo kidogo. Usipochuja vizuri, nyuzi zinaziba. Na ncha ya blanketi ikining'inia nje ya kichanja upande wa pili, maji yanadondoka hapo mchana na usiku mpaka pipa linakauka na wewe unamlaumu mchawi. Hayo yote nilijifunza kwa kukosea. Na miche! Majani yakawa mapana, yanang'aa, kijani kilichokolea. Pipa nilijaza kila baada ya siku tatu, jirani akinisaidia ndoo, na mimi nikishika kikombe.

Basi Julai ya mwaka ule binti yangu mdogo, aliyeolewa Bukoba, akajifungua kwa upasuaji. Mtoto salama, mama hali mbaya, kidonda kimegoma kupona. Ningefanya nini? Mama ni mama. Nikamkabidhi jirani ufunguo na pipa, nikaondoka. Nilidhani wiki moja, ikawa nne. Nilimwogesha mwanangu, nikambeba mjukuu, na kila siku nikapiga simu: miche vipi? Jirani anajibu, iko kwenye blanketi lake, inakoroma.

Siku ya ishirini na tisa simu ikalia mapema, na sauti haikuwa ya utani.

"Njoo. Shemeji yako yuko kwenye uwanja wako na wazee. Wanapima kibanja kwa kamba."

Sikuaga vizuri hata mkwe. Nilipofika Nyabiyonza alasiri, niliwakuta bado wapo, wameketi kwenye viti vyangu, chini ya kivuli changu. Wazee watano na shemeji. Kamba ya katani ilikuwa imelala kwenye maharage yangu. Nikasalimia.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mama. Pole na safari."

Na mila ni mila: nikaingia ndani, nikaleta akamwani kwenye kikapu kidogo, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hutafuna, nikapitisha kwa kila mmoja kwa mikono miwili. Watu wamekuja kunifukuza, nami nawakaribisha watafune! Shemeji alichukua tatu. Nilizihesabu, nisamehewe.

Akasimama. Anajua kusema, hilo simnyang'anyi. Alisema shemeji yake, yaani mimi, ameliacha shamba mwezi mzima. Alisema amepita siku tatu mfululizo na hakuona tone la maji njiani kutoka chemchemi. Alisema udongo kwenye viriba ni mkavu kama majivu, wazee waende wakashike. Alisema maneno ya siku ya matanga kila mtu anayakumbuka: shamba lione mkono wake. Sasa mkono uko wapi? Uko Bukoba.

Nikasema kwamba jirani alikuwa anajaza pipa. Akasema jirani si ukoo.

Mzee mkubwa akainuka kwa fimbo yake, akaenda kwenye kichanja, sote nyuma. Akagusa juu ya kiriba kimoja. Kweli, kavu. Akanitazama kwa huzuni. Nikamwambia, "Baba, zamisha kidole." Akazamisha. Akakitoa kimejaa tope jeusi. Akazamisha kwenye kingine, akakitazama tena kidole chake, akakinusa.

"Hii miche imekunywa," akasema.

"Inakunywa sasa hivi, Baba. Mbele yako."

Nikainua upindo wa blanketi nikawaonyesha pipa, nikawaeleza nyuzi zinavyovuta maji. Wazee wakaguna. Mmoja akacheka kwa furaha kabisa, akalibonyeza blanketi kwa kiganja na kutazama maji yanavyochuruzika kati ya vidole. Nikaona nimeshinda. Nikaanza hata kufikiria nitapika nini.

Hapo shemeji yangu akatabasamu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Wazee," akasema, "mmesikia kwa masikio yenu. Miche inajinywesha yenyewe. Kama shamba linajinywesha lenyewe, basi huyu mama anakaa hapa kwa kazi gani?"

Miche ingekufa, nimeliacha shamba. Haikufa, shamba halinihitaji. Nilichosema kilitoka kikiwa kilio.

"Nani aliilaza hapo? Nani alijenga kichanja? Shemeji, hilo blanketi lilitembea kwa miguu kutoka Arusha?"

"Usipandishe sauti mbele ya wazee," akaniambia. Kwa upole. Ule upole ndio nisiousamehe.

Wakajitenga kwenye migomba, wakanong'ona kwa Kinyambo kana kwamba mimi sikijui. Walirudi wakiwa wamepata suluhu, wanajipongeza. Mzee mkubwa akatangaza. Sifukuzwi. Nitakaa. Lakini hivyo vitambaa vitoke. Nitamwagilia kwa mkono kama watu wote wanavyomwagilia, watu wanione njiani na ndoo, ili asiwepo wa kusema shamba halina mtu. Ndiyo amani, akasema.

"Baba, mgongo wangu," nikamwambia. "Daktari amenikataza ndoo."

"Utachota kidogo kidogo, mama."

Kidogo kidogo! Miche mia sita! Nikawatazama wanaume sita, na katika hao sita hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda kutoka chemchemi ile na maji kichwani tangu alipotahiriwa. Nilitaka kusema sitaki. Nikaona kaburi la mume wangu kule nyuma, nikaona kamba kwenye maharage. Nikahamisha viriba kimoja kimoja chini, nikayavua mablanketi yangu kwenye kichanja. Yalikuwa mazito kwa maji. Shemeji akajitolea kuyahifadhi kwenye ghala lake, ili, alivyosema, nisije nikashawishika. Akayafungia nyuma ya pikipiki yake kwa kamba yangu ya mpira.

Mwaka mzima nikachota. Kiangazi kilichobaki, na miezi iliyofuata hadi kiangazi kingine. Nilijifunga kanga mbili kiunoni kwa nguvu, nikashuka, nikapanda. Jirani alinibebea alipoweza, lakini tuliogopa asionekane yeye zaidi yangu. Fikiria ujinga huo: watu wazima wawili tunapanga zamu ili mimi nionekane nikiumia. Nusu ya miche ilikauka. Watu wa Mabira walikuja mara moja, wakatazama, wakasema watarudi. Hawakurudi. Jioni nililala chali sakafuni kwa sababu kitanda kilinishinda, na nilipoulizwa na binti zangu kwenye simu nilisema niko mzima. Niliwadanganya kwa sababu niliona haya. Aibu ya shemeji yangu, ikanilalia mimi.

Kiangazi kilichofuata wakapitisha tangazo baada ya ibada ya Jumapili: afisa kilimo anakuja kijijini, kutakuwa na mafunzo ya kitalu cha kisasa, wakulima wote wafike. Yatafanyika wapi? Kwa shemeji yangu.

Nilikwenda. Jirani alinishika mkono njiani, ananiambia nyamaza leo, nyamaza tu. Tulikuta turubai, viti vya kukodi, akina mama wameketi chini kwenye nyasi, na wale wazee wetu watano mstari wa mbele. Na katikati ya uwanja, kichanja cha miti kinachofika kiunoni. Nailoni. Pipa la bluu lililopasuliwa kwa urefu. Na juu yake mablanketi yangu.

Niliyajua kama unavyojua nguo ya mwanao kwenye kamba ya mtu mwingine. Kwenye pembe moja kulikuwa na baka la chai ya samadi niliyomwaga mwenyewe.

Shemeji alikuwa amevaa koti. Akaeleza! Alieleza vizuri, maana alikuwa amenisikiliza siku ile kuliko nilivyodhani. Nyuzi zinavuta maji. Mche unakunywa kwa chini. Juu pakavu, magugu hayaoti. Afisa kilimo, kijana mpole ambaye hakujua lolote na simlaumu, akasema huyu ndiye mkulima wa mfano, anayetumia akili badala ya nguvu. Watu wakapiga makofi. Wazee wakapiga makofi. Mzee mkubwa alipiga kwa kugonga fimbo chini.

"Kuna swali?" afisa akauliza.

Jirani alinivuta kanga. Nilishasimama.

"Mimi ninalo," nikasema. "Mkulima wa mfano, nani anamwagilia hii miche kila siku?"

Shemeji alicheka kidogo, akawatazama watu. Sijui kama alinisahau au alinidharau tu. "Ndiyo uzuri wake, shemeji. Hakuna anayemwagilia. Mwezi uliopita nilikuwa Kyerwa wiki mbili nzima kwenye biashara zangu, nyumbani wanajaza pipa tu, nimerudi nimeikuta hivi hivi."

"Wiki mbili hukuwepo."

"Wiki mbili."

"Asante," nikasema. Kisha nikawageukia wazee. Sikupandisha sauti. Magoti sikupiga. "Baba zangu, mmesikia kwa masikio yenu. Shamba hili linajinywesha lenyewe, na mwenyewe alikuwa Kyerwa. Kamba iko wapi? Naomba tulipime."

Mtu mmoja huko nyuma akasema, "Ebo!" Akina mama kwenye nyasi wakaanza kunong'ona, mnong'ono ukapanda, kwa sababu hakuna mwanamke pale ambaye hakuniona mwaka mzima na ndoo. Afisa kilimo anatazama huku na huku. Mzee mkubwa hakunitazama mimi. Alimtazama shemeji.

"Hivi vitambaa," akauliza, "ndivyo vile vya kwake?"

Shemeji akasema alivihifadhi tu. Akasema vingeoza ghalani. Akasema yeye ni mwanaume, jambo lake ni tofauti. Alipofika hapo, hata wazee wenyewe waliangalia pembeni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sikungoja suluhu. Suluhu zao nilishazionja. Nilikwenda kwenye kichanja nikaanza kushusha viriba vyake, kimoja kimoja, taratibu, maana miche haikuwa na kosa na hilo linaniuma hadi sasa. Jirani akaja, akashusha upande wa pili. Kisha mwanamke mwingine akainuka kwenye nyasi, na mwingine. Kichanja kikawa tupu. Nikayavua mablanketi yangu yakiwa yamelowa, nikayaviringisha, wanawake wakanitwisha kichwani. Maji yalinitiririka shingoni, yakapita mgongoni palepale panapouma, na sikuyafuta.

Shemeji alinifuata hadi kwenye njia ya kutokea uwanjani. Hakuwa na upole tena. "Na miche yangu je?" akasema. "Jua hili lote! Itakuwa imekufa kesho kutwa!"

Nikamwambia chemchemi iko bondeni, na kwamba ndoo yangu nitamwazima.